Mngurumo Kwenye Rekodi ya Popo

Mngurumo ule tuliusikia Ijumaa asubuhi, mchana kweupe, tukiwa tumejaa maabara nzima, na bado watu wawili walitokea dirishani.

Mlango ulikuwa wazi. Wao wakaona mlango ni mbali.

Mimi sikukimbia. Msinipe sifa za bure, miguu tu ilikataa.

Ngoja nianze vizuri tusije tukapotezana.

Chuo chetu ni kidogo, kidogo kweli. Ukipiga chafya bwenini, watu wa maktaba wanakwambia pole. Lakini kila mwaka tuna Siku ya Utafiti na Ubunifu, na hapo walimu na wanafunzi wanaonyesha walichohangaika nacho mwaka mzima. Huyu na udongo wake, yule na mashine yake ya kukamua mafuta ya mbegu, wale wa sanaa na picha zao ambazo hujui kama zimetundikwa sawa au kichwa chini.

Mimi nilikuwa na popo.

Mwalimu wangu alikuwa mama mfupi mwenye sauti kubwa. Tulimwita Mama Popo, mbele yake na nyuma yake, na hakujali. Alikuwa anawatafiti popo wanaoishi kwenye dari ya ukumbi wa zamani, na mimi nikawa mkia wake. Kazi yangu ilikuwa kinasa sauti.

Kiboksi chenyewe kilifungwa nje, kwenye ukuta wa nyuma wa ukumbi, na waya wa maikrofoni ukapandishwa na kuingizwa ndani kupitia tundu la hewa. Kinajiwasha jua likizama, kinajizima kukikucha. Asubuhi napita, nachomoa kadi, naweka nyingine, naenda zangu. Ndani siingii.

Sauti ya popo ni nyembamba mno, sikio la binadamu haliipati. Ili umsikie, rekodi lazima ichezwe polepole, mara kumi ya polepole. Hapo ndipo unasikia tik, tik, tyu. Kompyuta ya maabara ilikuwa imetegeshwa hivyo moja kwa moja, kila kadi tukiichomeka inacheza kwa mwendo huo.

Sasa, nilikuwa pia na dada. Dada wa tumbo moja, mwaka wa mwisho, mwanafunzi wa maigizo.

Yeye alikuwa anaandaa igizo la mtu mmoja, kuhusu mwanamke aliyetumbukia kisimani. Wiki ile yote chuo kilikoma. Kutwa yuko ukumbini, "Nipo huku! Jamani, nitoeni!" Mwalimu wa hesabu aliyefundisha chumba cha jirani akapeleka malalamiko, eti wanafunzi wake wanakosea hesabu kwa huruma.

Tulicheka sana. Sasa hivi nikikumbuka naona aibu kucheka.

Haya. Ijumaa hiyo nikachomoa kadi kama kawaida, nikaenda maabara. Mama Popo alikuwa ameitwa kikaoni, tukaachiwa kazi ya kuhesabu milio. Nikaichomeka kadi, nikawasha spika.

Tik. Tik. Tyu.

Tik.

Halafu likaja hilo jambo.

Lilianza chini kabisa, hata hulisikii, unaona tu maji yanatikisika kwenye glasi. Kisha likapanda. Mngurumo mzito, mrefu, unavuta, unavuta, hauishi. Sijawahi kusikia mnyama wa hivyo. Ukakatika, tukashusha pumzi, ukaanza tena.

"Zima!" mtu akapiga kelele. "Zima, zima hiyo kitu!"

Hapo ndipo wale wawili walipotokea dirishani.

Nikazima. Nilibonyeza pembeni mara kadhaa kabla ya kukipata kitufe. Msichana mmoja wa mwaka wa pili alikuwa amekaa chini, amejifunika kichwa na begi, anasali kwa lugha ya bibi yake.

Kila chuo kina uvumi wake. Wa kwetu ulikuwa kwamba ukumbi ule zamani ulikuwa chumba cha maiti. Hakuna aliyewahi kuthibitisha, lakini pia hakuna aliyewahi kubisha kwa nguvu. Basi habari ikapaa. Kabla ya chakula cha mchana, mngurumo ulishakuwa mkubwa kuliko tuliousikia, na kuna watu hawakuwepo maabara lakini waliusimulia vizuri kunizidi.

Mlezi wa wanafunzi akatoa amri ukumbi ufungwe mpaka Jumatatu, watu watulie. Mlinzi akatia kufuli. Tukaambiwa hata kupita karibu marufuku, na kusema kweli hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mchana nikampigia dada nimsimulie. Simu haipatikani.

Sikushtuka. Nikajua yuko mazoezini mahali.

Alasiri mama akanipigia.

"Dada yako vipi? Tangu jana namtafuta, simu yake imezimwa."

"Labda chaji, mama. Nitamwambia akupigie."

Nikaenda bwenini kwao. Mwenzake wa chumbani ni binti mmoja mrefu asiyecheka ovyo, tulimwita Kamanda. Alikuwa anakunja nguo.

"Dada yako aliniaga jana mchana," akasema. "Kasema anaenda kwa shangazi yenu, apumzike kabla ya maonyesho. Kwani hujui?"

Nikapumua. Nikampigia mama.

"Mama, usiwe na wasiwasi, dada yuko kwa shangazi."

Nilisikia redio nyuma yake, na mtu anakohoa.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Shangazi yako yuko hapa. Amekaa hapa sebuleni kwangu toka juzi."

Nilimtazama Kamanda, na Kamanda alishasikia, nguo ikamdondoka mkononi.

Tukaenda kwa mlezi wa wanafunzi. Akatuangalia kama watu waliokuja kumuuzia kitu.

"Binti ni mtu mzima," akasema. "Kaaga mwenyewe. Mtamwona Jumapili anashuka na mizigo."

"Lakini shangazi..."

"Vijana wa siku hizi mna mashangazi wengi," akasema, akarudi kwenye kompyuta yake.

Nilitaka kumjibu vibaya. Kamanda akanivuta shati.

Tulizunguka. Maktaba, kantini, zahanati, nyumba za kupanga nyuma ya chuo. Hakuna aliyemwona tangu Alhamisi mchana. Mama anapiga kila mara, na kila mara sina la kumwambia. Mwisho nikawa naogopa hata mlio wa simu yangu mwenyewe.

Na kichwani, ule mngurumo. Unajua akili ikishaingia woga inavyofanya kazi? Inaunganisha tu vitu. Dada alikuwa anashinda ukumbini. Ukumbini kuna kitu. Dada hayupo. Mimi mtu wa sayansi, ninayeshindana na watu kuhusu mashetani, nilikuwa nawaza hivyo, na nilikuwa naamini.

Usiku ule sikulala.

Kulipopambazuka nikaenda kuchukua kadi nyingine. Msiniulize ujasiri nilitoa wapi, haukuwepo. Nilikuwa nataka tu kujua kama kile kitu bado kipo.

Uwanja ulikuwa mtupu. Kufuli linaning'inia mlangoni. Nikauzunguka ukumbi hadi ukuta wa nyuma, natembea kwa vidole kama mwizi wa kuku. Nikasimama, nikatega sikio.

Kimya.

Popo wa mwisho walikuwa wanarudi, wanajipenyeza chini ya bati. Nikafungua kiboksi. Kadi ikagoma kutoka, mikono imejaa jasho. Nikaivuta kwa kucha, ikatoka, nikaweka nyingine.

Halafu nikasikia kitu. Kama mtu anakwaruza ukuta kwa ndani. Kidogo tu. Kikaacha.

Wee! Mguu niponye! Nilipita uwanjani sikumbuki kama nilikanyaga chini. Kiatu kimoja nilikiokota baadaye.

Kamanda alikuwa ananisubiri maabara. Tukafunga mlango, tukachomeka kadi.

Popo wakapita, tik, tik, tik.

Kisha mngurumo. Lakini huu ulikuwa umelegea. Mfupi. Unakuja, unakatika katikati, unapotea kwa muda mrefu, unajaribu tena. Mpaka leo sijui nieleze vipi, ila mtu yeyote angejua kwamba kile kitu kilikuwa kinachoka.

Kamanda akaanza kulia kimya kimya. Na yule si mtu wa kulia.

Ndipo mlango ukasukumwa, tukaruka wote. Mama Popo, kavaa kanga na koti la maabara juu yake. Alikuwa amesikia habari za ukumbi kufungwa, akaja mbio kuokoa utafiti wake.

"Nani kawaruhusu kufunga ukumbi wangu? Mngurumo gani huo mnaotangaza? Hebu niwekeeni."

Nikamwekea. Akasikiliza, kichwa kakiinamisha upande. Nilimwona uso unabadilika.

"Unaisikiliza kwa kasi gani?" akauliza taratibu.

"Ya popo, mwalimu. Kama kawaida."

"Na anayenguruma ni popo?"

Nikaitazama spika.

"Baba, nakuuliza. Popo gani ananguruma hivi? Kitu kinachosikika hivi ukikipunguza mara kumi, chenyewe kikoje?" Akanisogeza pembeni kwa bega. "Irudishe. Iweke kasi ya watu."

Jamani. Tulikuwa na kitufe hicho siku zote. Kipo pale pale, juu ya kidirisha cha kompyuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyekigusa, kwa sababu kwetu sisi kila kilichotoka kwenye kadi ile kilikuwa cha popo.

Nikakibonyeza.

"Nipo huku! Jamani, nitoeni!"

Dada yangu.

Nilishika meza. Kamanda akapiga ukelele mmoja, akaziba mdomo. Ile sauti ilikuwa ya dada, haina ubishi, kavu kidogo lakini yake. Kumbe jitu letu la kutisha lilikuwa ni kelele za msichana zilizovutwa zikawa ndefu.

"Hayo si ndiyo maneno ya igizo lake? Nani mwalimu wake?" Mama Popo akauliza.

Mwalimu wa maigizo anakaa jirani na geti. Tulimwita Skafu kwa sababu haivui hata kwenye jua kali. Tulipomwita alikuja na pajama na skafu yake, akasikiliza, kisha akacheka. Akacheka, wallahi, akatupigapiga mabegani.

"Mmenitoa kitandani kwa hili? Hii ni mistari ya igizo lake! 'Nipo huku, jamani, nitoeni.' Sehemu ya pili, nimeisahihisha mwenyewe." Akafuta macho. "Mtoto huyu anajificha afanye mazoezi kwa siri. Hataki wenzake waibe anachokipika. Ndiyo maana kawadanganya. Wasanii ndivyo tulivyo, msituone wazima."

Nilicheka naye. Nilicheka kwa nguvu, machozi yananitoka, Kamanda naye anacheka huku anajifuta kamasi. Nikatoa simu nimpigie mama nimwambie mwanao hajambo, ni usanii tu.

Hatukuizima rekodi. Ilikuwa inaendelea.

"Kijiko," ikasema.

Nikaacha kucheka.

"Kijiko, najua unasikiliza. Nimeuona waya wako. Kijiko, ni mimi, siigizi."

Skafu akanyanyua nyusi. "Hilo silikumbuki kwenye igizo."

Mimi ndiye Kijiko. Nilipokuwa mdogo sikuwa nakula mpaka nipewe kijiko changu cha bluu, na dada peke yake ndiye aliyeniita hivyo, nyumbani tu, akitaka kuniudhi. Chuoni hakuna anayelijua jina hilo. Nililificha hasa.

"Mguu umevunjika. Niko katikati ya kuta. Kijiko, nina kiu sana. Ukisikia hii, njoo."

Hiyo ndiyo ilikuwa kadi ya Ijumaa usiku. Ile ya Alhamisi usiku, ambayo watu walitokea dirishani kwa ajili yake, baadaye niliisikiliza yote. Alikuwa ananiita mwanzo mpaka mwisho.

Tulikimbia wote wanne, Mama Popo mbele na kanga yake. Mlinzi alikuwa anatafuta ufunguo kwenye shada zima la funguo, Kamanda akachukua jiwe akalipiga kufuli, likafunguka. Ndani ukumbi ulikuwa na giza na harufu ya popo. Nikapanda jukwaani, nikaupiga ukuta wa nyuma kwa viganja.

"Dada! Dada!"

Hakuna kitu.

Nilihisi roho inanitoka. Niliamini nimechelewa, na nikaanza kufikiria nitasimamaje mbele ya mama.

"Dada, ni Kijiko!"

Kukwaruza. Kule kule nilikokukimbia asubuhi. Chini, upande wa kulia.

Ule ukuta wa jukwaa ulikuwa ni kuta mbili. Wa zamani ulipoanza kurudisha mwangwi, walijenga mwingine mbele yake na kuacha uwazi wa kupita mtu mmoja kwa ubavu, umeziba chini, uko wazi juu, darini. Dada alipanda darini Alhamisi peke yake, kwa siri, kwa sababu alitaka siku ya maonyesho sauti ya yule mwanamke wa kisimani itoke ndani ya ukuta, watazamaji wasijue inatoka wapi. Alikuwa anatafuta pa kukaa. Ubao wa dari ukavunjika, akashuka moja kwa moja katikati ya kuta. Simu, ambayo alikuwa ameizima mwenyewe asisumbuliwe, ikabaki juu.

Mlinzi akaleta nyundo kubwa. Tulipokezana. Skafu alipiga kuliko wote, skafu ameitupa, mikono inavuja damu, ukimwambia pumzika hasikii. Tofali la kwanza likaanguka ndani, tukatishika tusije tukamponda, tukamalizia kwa mikono.

Nikamwona mkono wake kwanza. Vumbi tupu. Nikaushika, ukanibana kidogo.

Sitaki kueleza zaidi hapo. Nililia kama mtoto, na sioni haya.

Hospitali walimwekea maji ya dripu, wakamfunga mguu. Mama akafika, akamkumbatia, akatukumbatia wote, akatutukana wote, akalia. Daktari akasema ana bahati, angekaa siku nyingine hali ingekuwa mbaya sana.

Jioni tulikuwa tumekizunguka kitanda, mama, mimi, Kamanda, Mama Popo, na Skafu kasimama miguuni na bandeji zake. Dada hakuwa na sauti, alikuwa ananong'ona, tunainama kumsikia.

"Nilipiga kelele sana," akasema. "Kulipokucha watu walikuwa wanapita nje, nawasikia wanaongea. Mmoja akasema, leo kaamka na igizo lake mapema."

"Ijumaa asubuhi mtu akaingia kabisa ukumbini. Nilisikia viatu. Nikajua nimepona." Akapiga funda la maji. "Nikakusanya nguvu zote zilizobaki. Nikalia, nikaomba, nikamwita Mungu, nikamwita mama. Nikanyamaza nimsikie atasema nini."

"Akasema nini?" mama akauliza.

"Akapiga makofi," dada akasema. "Akapiga makofi, muda mrefu. Halafu akaondoka, akanifungia mlango taratibu."

Mama akashika kifua. "Mtu gani huyo? Mnyama gani huyo?"

Nikasikia kitanda kinatikisika. Ni Skafu, alikuwa ameshikilia chuma cha miguuni.

"Ni mimi," akasema. "Nilisimama pale, nikajiambia, leo ameipata. Miaka yote ya kufundisha sijawahi kusikia mwanafunzi akiigiza vizuri namna ile. Sikutaka kumkatiza."

Dada akamnyooshea mkono wenye sindano, na yule mzee akapiga magoti, akaushika, akaficha uso wake kitandani mbele ya mama yangu.

Ndugu zangu mliosoma mpaka hapa, woga wangu wa ule mngurumo uliisha zamani. Unaonitesa ni mwingine. Nusu ya chuo ilimsikia dada yangu kwa sauti yake mwenyewe, ya kibinadamu, bila kompyuta, na kila mtu alikuwa na jina la kuipa ili apite. Sisi watu wa popo, tulioipata kupitia kompyuta, tuliiita shetani. Watu wa sanaa wakaiita kipaji.

Siku hizi pale chuoni ukipita ukumbini ukasikia mtu analia, unapiga kelele kwa nje, "Igizo?" na aliye ndani anaacha kila kitu anajibu, "Igizo!" Wageni wanatucheka, na mazoezi yanakatizwa kila saa, na hakuna anayelalamika.

Na wewe ulipo, ukisikia mtu anaomba msaada, uliza. Hata kama unajua ni mchezo, uliza. Utaonekana mshamba, sawa, onekana mshamba. Na usipojibiwa, vunja ukuta.